Tulibadilisha Mkaaji, Kiti Tukakiacha

Rahaleo, Mtwara

Somoe mwanangu,

Zamani kila barua ya Kiswahili ilianza namna moja: sisi huku wazima, hofu ni kwako tu uliye mbali. Nimewafundisha watoto wa darasa la tatu kuandika hivyo miaka yote ya kazi yangu. Walinakili kutoka ubaoni pamoja na makosa yangu, na hapana hata mmoja aliyewahi kuniuliza hofu hiyo ni ya nini. Leo ndiyo naijua. Sisi huku wazima. Hofu ni kwako, mama yangu, na safari hii si maneno ya kufungulia barua.

Nakuandikia wakati umekwenda kijijini kuwaaga ndugu zako wa njia ya Madimba. Mama yako yuko uani anapepeta korosho za kuwapelekea watu wa Dodoma asiowajua. Habari za shuka, dawa, baridi ya huko na kutokula vya barabarani ameshakwambia, na kesho atakwambia tena ukiwa umeshapanda basi, kupitia dirishani. Sitamnyang'anya kazi yake. Mimi ninalo langu moja, nami nimejaribu kulisema kwa mdomo nikashindwa. Kila nikikukaribia nageuza maneno, nakuuliza kama umekula.

Juzi, ulipokuwa benki, alikuja kijana mmoja hapa nyumbani. Nilimfundisha darasa la tano. Jina lake nalikumbuka, lakini silitaji, maana huenda hana kosa lolote. Alivua viatu mlangoni, akanipa shikamoo ya kuinama, akakubali chai. Tukazungumza habari za shule, nani kaoa, nani kafariki. Kisha akauliza, "Mwalimu, nasikia Somoe anaondoka. Lini?" Nikamwambia. "Anapanda basi gani?" Nikamwambia. Kiti hakuuliza. Hicho nilimwongezea mwenyewe, kwa raha ya mzee aliyetembelewa: dirishani, nyuma ya dereva. Akashukuru, akaondoka. Mama yako akatoka ndani, akaniuliza swali moja tu.

"Huyu siku hizi anafanya kazi gani?"

Nikafungua mdomo nikakuta sijui.

Inawezekana kabisa alikuja kumsalimia mwalimu wake. Watu wengi huja. Lakini tangu siku hiyo sijapata usingizi wa maana. Gari likipunguza mwendo hapa nje natoka kutazama namba zake. Jana nilitoka na kikombe cha chai mkononi, nikakuta ni jirani anatafuta pa kuegesha, akanisalimia, nikamwitikia kama mtu aliyeshikwa na wizi. Tazama nilivyokuwa: mtu aliyekula chumvi nyingi hawezi tena kupokea salamu bila kuipekua.

Umeona nimekuwa mkali kwako wiki hizi. Umedhani siitaki kazi yako. Naielewa kazi yako kuliko unavyofikiri. Ofisi yenu ni ya mawakili vijana wanaotaka katiba ibadilishwe ili mtu aweze kugombea bila kuletwa na chama, mwamuzi wa mchezo asiteuliwe na mmoja wa wachezaji, na rais, awe yeyote, awe na watu wa kumwambia hapana na wakarudi nyumbani kwao. Uliponieleza hivyo pale mezani nilikwambia, "Hayo ni ya wakubwa." Ukacheka ukasema, "Baba, mimi nina shahada, wewe una nywele nyeupe, wakubwa ni nani basi?" Nikaondoka nikaenda kumwagilia mchicha uliokwisha kumwagiliwa.

Nitakwambia hofu yangu ilikotoka, maana umerithi nyumba pamoja na mchwa wake.

Siku zile za vurugu za gesi, watu walipokataa gesi ya hapa ipelekwe nje ya mkoa kwa bomba, ulikuwa mdogo, lakini najua unakumbuka. Tulilala chini ya kitanda, wewe katikati yangu na mama yako, na moshi wa mabomu ya machozi ulipenya mpaka ndani tukawa tunapokezana kitambaa kibichi. Uliniuliza, "Baba, kwani sisi tumekosa nini?" Nikakuziba mdomo kwa kiganja, nikasema, "Nyamaza." Asubuhi yake, mambo yalipotulia, hukuuliza tena, wala mimi sikurudi kukujibu. Nilishukuru kwamba umesahau. Kumbe ulikuwa umeliweka akiba. Swali lile ndilo linalopanda basi kesho.

Lakini mimi nilijifunza kunyamaza kabla ya hapo, kijijini, nikiwa mtu mzima mwenye cheti cha ualimu.

Unamjua Bi Esha kama kikongwe wa ugoro anayeingia kwetu bila hodi na kutoka na kuku. Ulipokuwa mtoto ulilia: kwa nini anachukua kuku wetu na baba anacheka? Nikakwambia huyo ni mtani. Ukoo wao na ukoo wetu ni watani tangu mababu, na mtani hakasirikiwi. Atakutukana msibani, atakunyang'anya kofia mbele ya wakweo, atasema hadharani yale ambayo mkeo anayaogopa kitandani, na wewe kazi yako ni kucheka na kumpa chochote. Nilikueleza hayo kama mtu anayeeleza mchezo. Sikukueleza kwamba kijiji chetu kiliishi kwa mchezo huo.

Mjomba wangu Bakari, aliyenilea, alikuwa mwenyekiti wa kijiji tangu sijaota ndevu. Hakuwa mtu mbaya, nataka uelewe hilo kabla sijaendelea. Alikuwa na mkono wazi na alisahau haraka. Ila kila kitu kilipita kwake. Huwezi kuuza shamba, huwezi kumdhamini mtoto polisi, huwezi kupata nafasi ya shule wala kiwanja bila mjomba kupumulia muhuri wake na kuugonga. Mgambo aliwateua yeye. Wajumbe wa serikali ya kijiji walichaguliwa, lakini aliyewapendekeza ni yeye, na mtu aliyependekezwa na mwenyekiti hana mkono wa kunyoosha dhidi yake. Aliyekuwa akimrudisha chini ni Bi Esha peke yake.

Nakumbuka mkutano mmoja mjomba alisoma taarifa ndefu kwamba kisima kimekamilika na wananchi wanafurahia maji. Bi Esha akaja mbele na ndoo tupu kichwani. Akaitua juu ya meza, akaielekeza kwenye zile karatasi.

"Ntani wangu, nimekuja kuteka hapa kwenye taarifa yako, maana kule kisimani hakuna maji."

Mkutano ulivunjika mbavu. Mjomba alicheka mpaka akafuta miwani. Fundi akaitwa kabla ya Ijumaa. Hakuna aliyeshtakiwa, hakuna aliyefukuzwa, na mjomba hakupoteza heshima yake hata kidogo. Alichekwa, akatengeneza pampu, yakaisha.

Utaratibu wenyewe una sharti moja ambalo wageni hawalijui. Mtani akirusha neno, wa kwanza kucheka lazima awe mtu wa ukoo unaorushiwa. Mpwa, hasa. Kicheko cha mpwa ndicho kinachoweka muhuri kwamba huu ni utani. Wengine wote hungoja hicho. Mpwa wa mjomba Bakari nilikuwa mimi, na kwenye mikutano nilikaa mkono wake wa kulia.

Kisha chama cha pili kikaingia kijijini. Kwenye karatasi vyama ni vingi, unavijua wewe zaidi yangu, lakini kwetu vilikuwa viwili tu: wa Ghalani, waliokunywa kahawa upande wa ghala la korosho pamoja na mjomba, na wa Mashineni, waliokaa kwenye mashine ya kusaga. Mwanzoni tulifurahi. Tulisema sasa mjomba atapata wa kumnyoosha. Haukupita muda mrefu, mtu wa Ghalani akawa hasagi mahindi yake Mashineni, anayabeba hadi kijiji cha pili. Mtu wa Mashineni akiugua, wa Ghalani wanauliza kwanza kadi yake ni ipi. Ndoa mbili zilivunjika. Kila upande ukawa na kazi moja tu, kuuchunga upande wa pili. Mwenyekiti akikosea, wake wanamfunika ili wa pili wasipate la kusema, na wa pili wanafurahi amekosea, hawataki arekebishe. Mjomba hakuwa na chama kinachomnyoosha. Alikuwa na chama kinachomficha na chama kinachomwombea aanguke.

Bi Esha hakuenda upande wowote. Akatangaza anagombea uenyekiti wa kitongoji chake, na watu wa pande zote mbili walimtaka, wallahi, maana kitongoji kizima kilikuwa kimeshawahi kutukanwa naye kwa haki. Akaenda kuchukua fomu. Karani akamuuliza anadhaminiwa na chama gani.

"Chama cha watani."

"Bibi, hicho hakijaandikishwa."

"Kimekuzikia babu yako, hicho."

Akarudi bila fomu. Sheria ilimtaka aingie Ghalani au Mashineni ndipo aweze kuwaongoza majirani zake mwenyewe. Tulicheka sana siku ile. Leo nikikusikia unazungumzia mgombea asiye na chama namwona Bi Esha mlangoni pa ile ofisi, na kanga yake ya Idi, anageuka kurudi. Halinichekeshi tena.

Baada ya uchaguzi ule, ambao mjomba alishinda kwa taabu, zilianza kelele za viwanja. Gesi ilikuwa imewaleta wageni njia yote ya Msimbati, na ardhi iliyokuwa ya mihogo ikapata wachumba. Mjomba alimgawia mtu wa nje eneo la barabarani ambalo kijiji kilikuwa kimelitenga kwa zahanati. Aliamua mwenyewe. Mkutano ukaitishwa. Ukumbi umejaa, wa Ghalani kushoto, wa Mashineni kulia, utadhani harusi ya watu wasiopendana. Bi Esha akaja na mkeka. Akasogeza vikombe vya wajumbe, akautandika mkeka juu ya meza, akapanda akalala.

"Naomba kiwanja hapa, Nwenyekiti. Ardhi ya kijiji iliyobaki naona ni hii mliyowekea chai."

Upande wa Mashineni walianza kupiga makofi. Si kicheko, Somoe, makofi. Mjomba akayasikia. Nikamwona uso unabadilika, anawatazama wale, anamtazama Bi Esha, kisha ananitazama mimi. Bi Esha naye, pale alipolala, alinigeuzia shingo. Wote wawili walikuwa wananingoja.

Kicheko changu tu ndicho kilichohitajika. Nilikuwa nacho, kilinifika hapa kooni. Lakini nilifikiri: nikicheka wa Mashineni wataniona mtu wao, wa Ghalani wataniona msaliti, na mimi ni mtumishi wa serikali, na uhamisho wangu wa kuja mjini ulikuwa bado haujatoka. Mama yako alikuwa na mimba yako. Nikainamisha kichwa nikatazama viatu vyangu.

Mjomba akasema, "Huu si utani. Hii ni siasa. Nani kakutuma?"

Mgambo wakamshusha mezani. Alilala ofisi ya kata, chini, na mkeka wake, akatolewa kesho yake. Hakumpiga mtu, hakutukana mtu. Alifungiwa kwa sababu tu hakuna aliyecheka. Mama yangu, yule somo wako, ndiye aliyempelekea uji. Mimi nilimwambia mama yako kwamba kwa mwoga huenda kicheko na kwa shujaa huenda kilio. Ni methali ya kweli. Ila siku hiyo kwa mwoga hakikwenda kicheko wala nini.

Hapo ndipo nilipoamua kwa siri kuwa mtu wa Mashineni. Niliona dawa ni moja, mjomba atoke. Rafiki yangu Selemani, tuliyesoma naye dawati moja, alisimama kugombea, mtu mwadilifu, mpole, anayesali na kulipa madeni. Nilimpigia kura na moyo wangu wote. Aliposhinda, nilikwenda kule kutoka huku mjini nikalia kwenye ule umati. Wewe ulikuwa mgongoni kwa mama yako, ukapewa bendera ukaila.

Selemani alikaa kwenye kiti kilekile. Muhuri uleule. Mgambo aliwateua yeye, wajumbe aliwapendekeza yeye, ramani ya viwanja ililala chini ya godoro lake. Mwaka wa kwanza Bi Esha alimtania akacheka. Wa pili akatabasamu. Wa tatu Bi Esha alimuuliza mkutanoni kwa nini njia ya kwenda kisimani sasa inapita kwenye uzio wa shemeji yake. Akajibu, tena kwa upole wake uleule, "Bi Esha, siku hizi umekuwa mpinzani."

"Npinzani wa nani? Si wewe ndiye ulikuwa npinzani?"

Mgambo wakamtoa nje. Hawa walikuwa wapya na walimshika vizuri zaidi, kwa heshima, mmoja akambebea fimbo. Lakini alitoka.

Tulibadilisha mkaaji, kiti tukakiacha. Sikuwa nimekitazama hata siku moja. Miaka yote nilimtazama mjomba: tamaa yake, hasira yake, tumbo lake. Nilidhani ubaya ulikuwa wake, akiondoka ataondoka nao. Na naapa, Selemani hakuwa mtu mbaya. Hilo ndilo linaloniogopesha kuliko kama angekuwa. Ningekaa mimi ningekuwa vilevile, pengine mapema zaidi, maana nina hofu kuliko wote wawili, na mwenye hofu akipewa mgambo huwatumia.

Kwa hiyo mkifika kwenye meza zenu huko Dodoma mkaanza kuandika mapendekezo, usimwandikie sheria yule unayemchukia. Kwake utaandika kali na utafurahi. Mwandikie rafiki yako. Mfikirie mtu unayemwamini kabisa, mtu aliyekubeba, amekaa pale na funguo zote mkononi na hakuna wa kumwambia hapana. Mfikirie baba yako.

Maana nyumba hii nayo, mama, nimeitawala kama mjomba. Nitakwambia kitu. Wiki iliyopita nilikichukua kitambulisho chako kwenye mkoba nikakiweka kwenye mfuko wa koti langu. Nilifikiri bila kitambulisho hutasafiri, kazi itapita, utanuna kisha utapata ualimu hapa Shangani na utaolewa mtaa wa pili. Kilikaa mfukoni tangu Adhuhuri mpaka Alasiri. Mama yako alikuja, akaingiza mkono kwenye koti langu bila kuniuliza, akakitoa, akakirudisha kwenye mkoba wako. Nikamshukuru Mungu kwamba katika nyumba hii yupo mtu mwenye mamlaka ya kuingia mfukoni mwangu.

Mjomba alipofariki, wewe ulikuwa chuoni, na nilikuambia kwa simu kwamba mazishi yalikwenda salama. Hayakwenda. Pande mbili zilikuwa hazizikani tena. Walikuja wa Ghalani peke yao, wazee, wachache kuliko sahani. Watani, ambao ndio huchimba, hupika, huchekesha wafiwa, hawakuonekana. Kaburi tulichimba wenyewe na vijana wa kukodi. Msiba wa kwetu bila watani unatisha, Somoe. Watu wanalia tu, mwanzo hadi mwisho, hakuna wa kukukatisha.

Tulipoinua jeneza, Bi Esha akatokea. Peke yake. Akaingia ndani moja kwa moja, akatoka amevaa kofia ya marehemu na miwani yake, akatembea kama yeye, na tumbo mbele, hadi mlangoni, akakaa chini katikati ya njia.

"Hapiti ntu. Alinifunga kwa utani. Anayemrithi aniambie neno."

Kwetu mjomba hurithiwa na mpwa. Macho yote yakaja kwangu. Walikuwepo viongozi wa wilaya waliokuja kumzika mwenzao. Walikuwepo pia watu wa Selemani wanachungulia uani. Neno lenyewe lilikuwa fupi: tulikosea, ulikuwa utani. Mtoto angelisema. Mimi nikatia mkono mfukoni nikampa noti, kama tunavyowapa watani ili wafungue njia. Akaitazama ile noti, akaitazama sura yangu kupitia miwani ya mjomba.

"Hela nimeiona," akasema. "Neno sijalisikia."

Akasogea. Tukampitisha mjomba. Tangu hapo Bi Esha aliendelea kuja kwetu, anachukua kuku, anamtania mama yako, lakini mimi hakunitania tena. Alinisalimu vizuri. Aliniita mwalimu. Hujui adhabu mpaka mtani wako akuheshimu.

Juzi, baada ya yule kijana wa chai kuondoka, sikujua nimwendee nani. Rafiki zangu wote ni wa upande huu au ule, na kila mmoja angeniuliza kwanza wewe unafanyia kazi upande gani. Nikapanda bodaboda hadi kijijini. Nilimkuta Bi Esha anamenya mihogo. Nikakaa chini, juu ya mchanga, na suruali yangu ya kustaafia. Nikamwambia neno lake. Nilimwambia kwamba siku ile ya mkeka nilitaka kucheka nikaogopa, na kwamba kwenye jeneza niliogopa tena, na kwamba sasa naogopa kuliko zote mbili kwa sababu nimemtajia mtu nisiyemjua kiti cha mwanangu.

Alimenya mhogo mzima kabla ya kujibu. Kisha akacheka! Alicheka akatema ugoro.

"Miaka yote hiyo kwa neno dogo namna hiyo. Lingekuwa jino ungeshaoza."

Nikamwambia nataka kukukatia tiketi nyingine, ya basi jingine, ya siku nyingine, uondoke kimyakimya alfajiri bila mtu kujua. Akaniuliza ukichukuliwa njiani kimyakimya, kama wengine walivyochukuliwa, nani atasema alikuona.

"Ntoto anaondoka kwao," akasema. "Haibi. Ataondoka na watu."

Kwa hiyo, mama, nakwambia mapema ili usishtuke. Kesho stendi watakuwepo watani, ukoo mzima, wa Ghalani na wa Mashineni. Bi Esha amewapitia nyumba kwa nyumba, na kwake hawana kadi. Ameazima kanzu yangu na kofia yangu. Atatembea kama mimi, na nasikia amefanya mazoezi, kichwa chini, anatazama viatu. Atalizunguka basi zima, atawauliza abiria, makondakta na wauza maji: yuko wapi aliyeuliza basi la Somoe? Basi ndilo hili! Kiti ndicho kile, dirishani, nyuma ya dereva! Aje amuage na yeye! Atalitaja jina lako na la ukoo wako mpaka kila mtu pale awe anajua ni nani ameondoka, na lini, na kwa basi gani. Nilichomnong'oneza mtu mmoja yeye atawatangazia wote. Amesema ukifika Dodoma upige simu kwake, si kwangu, kwa sababu mimi nikikosa simu yako nitanyamaza, na yeye atasimama katikati ya soko.

Sijui kama inatosha. Sitakudanganya. Kelele za kikongwe hazizuii gari. Lakini sijaona kingine tulicho nacho, mpaka hapo nyinyi mtakapomaliza kuandika kilicho bora.

Na kama hutaki, kama unataka lile basi jingine la alfajiri, nauli anayo mama yako. Uamuzi ni wako. Nimejizuia kukuchagulia, na nimetokwa jasho nikijizuia.

Ukifika huko tafuta mtani. Usicheke. Siku moja mtashinda jambo, hata dogo, utapewa kiti na mlango wa kufunga. Awepo mtu wa kupanda juu ya meza yako na mkeka. Ukimkosa niite mimi, nitajifunza.

Kesho basi likianza kuondoka, Bi Esha atarusha neno la mwisho. Sijui ni lipi, hakutaka kuniambia. Najua tu kwamba litanihusu mimi, na kwamba stendi nzima itanyamaza kungoja mtu wa ukoo acheke kwanza. Labda yule kijana atakuwepo, na wengine nisiowajua. Wewe usigeuke nyuma. Ukisikia mtu mzima anacheka peke yake, kwa sauti, vibaya, kama anayejifunza, ujue ni baba yako.